Sura ya Saba: Hedifoni, Sikio na Mfuko

Anayekusanya hedifoni akiwa Kiirua, Meru, ana mali ambayo wenzake wa Nairobi, Tokyo na London huitafuta kwa gharama kubwa: kimya. Saa tatu usiku lori za viazi zimeshaondoka sokoni, bodaboda zimepungua, na kinachosikika zaidi ni upepo wa Mlima Kenya ukipita juu ya mabati. Mbwa wa jirani hubweka, kisha hunyamaza. Kwa mtu anayetaka kusikia kidole cha mpiga gitaa kikiteleza kwenye uzi kabla noti haijalia, kimya hicho ndicho kifaa cha kwanza, na kwenye maduka ya Luthuli Avenue, Nairobi, hakiuzwi.

Kimya kinahitajika kwa sababu hedifoni nyingi za kiwango cha juu zimeachwa wazi kwa nyuma. Zamani vikombe vyake vilikuwa vizito na vimefungwa pande zote, vikibana kichwa na kuchemsha masikio. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ikatoa HD 414, nyepesi, zenye sponji masikioni, na mgongoni zina matundu ya kupitisha hewa. Sauti inayotoka nyuma ya kiwambo, ule utando unaotetema, haikugonga tena ukuta wa kikombe na kumrudia msikilizaji. Ilikwenda zake nje. Watu wakaona muziki umepata nafasi, umetoka katikati ya fuvu la kichwa. Zikauzwa kwa mamilioni. Tangu hapo wengi wa wanaotaka kilicho bora wanafuata njia hiyo na kukubali masharti yake: wa kando yako atasikia unachosikiliza, nawe utamsikia akikohoa. Ndani ya matatu ya kwenda Meru hazifai hata kidogo. Chumbani usiku, sijaona za kuzishinda.

Kaskazini ya kwetu kuna hifadhi ya Lewa, na ndovu wa huko hupiga mazungumzo ambayo sisi hatuyasikii. Mwaka 1984 Katy Payne, mtafiti Mmarekani, alisimama karibu na ndovu kwenye bustani ya wanyama ya Portland akahisi hewa inatetemeka bila kusikia sauti. Vipimo vikathibitisha kwamba wanyama hao huongea kwa mawimbi ya chini ya hezi 20, na baadaye yeye na Joyce Poole wakalifuatilia jambo hilo kwa ndovu wa Amboseli. Sikio la binadamu huanzia hapo kwenye hezi 20, likapanda hadi 20,000 ujanani, kisha dari hiyo hushuka mwaka baada ya mwaka. Ninalitaja hili kwa sababu ya namba zinazopigwa chapa kwenye maboksi. Sennheiser HE 1, ambazo ni kati ya hedifoni ghali kuliko zote zilizowahi kuuzwa, hutajwa kuwa zinafika kutoka hezi 8 hadi zaidi ya 100,000. Huko chini wanasikia ndovu, huko juu wanasikia popo. Mnunuzi mwenye miaka 50 hulipia uwanja mzima, na sehemu yake mwenyewe ni kipande cha katikati.

Katika kipande hicho cha katikati ndimo ladha inamozaliwa, na huanzia kwenye nyama na mfupa. Tundu la sikio ni bomba dogo, na kila bomba huvumisha sauti fulani kuliko nyingine. La mtu mzima huvumisha zaidi kwenye hezi 3,000 hivi, palepale ambapo sikio letu lina wepesi wa kusikia maneno na kilio cha mtoto. Ukiweka hedifoni unakuwa umeifunika sehemu ya nje ya sikio, ile mikunjo ambayo tangu utotoni imekuwa ikikuambia sauti inatoka upande gani. Mhandisi hana budi kurudisha ule mvumo uliopotea kwa kukisia sikio la kawaida lilivyo. Sikio lako likitofautiana kidogo na la makisio yake, trebo itakuchoma au sauti itakufifia. Kwa hiyo watu wawili wenye akili timamu wanaweza kuvaa hedifoni zilezile, mmoja akazisifu na mwingine akazivua baada ya dakika mbili, na wote wakawa wanasema kweli.

Juu ya mwili kunakuja malezi. Waliokua Meru miaka ile redio ya nyumba nzima ilikuwa na spika moja walilishwa sauti za katikati: mtangazaji, kwaya, gitaa. Besi nzito haikuwezekana kupita kwenye koni ndogo kiasi kile, wala trebo ya juu. Mimi ni mmoja wa watoto hao, na hadi leo hedifoni inayoficha sauti ya mwimbaji nyuma ya ngoma siipendi, hata iwe na sifa gani. Kijana aliyekulia kwenye matatu zenye spika kubwa chini ya viti ana mizani nyingine. Anataka kifua kigongwe. Sioni sababu ya kumwambia amepotoka.

Wimbo wangu wa kupimia ni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, kundi lililojitenga na Simba Wanyika mwaka 1978 hapo Nairobi. John Ngereza anapiga gitaa la solo, Omar Shabani yuko kwenye gitaa la ridhimu, Rashid Juma kwenye ngoma, na Tom Malanga anashika besi. Uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema hezi 41 hivi ukipigwa wazi, kwa hiyo hakuna kinachohitaji muujiza hapa. Hedifoni yoyote ya kuheshimika inafika. Tofauti iko kwenye umbo la noti. Kwenye hedifoni dhaifu, besi ya Malanga ni mvumo mmoja uliotandazwa chini ya wimbo. Kwenye zilizo safi unasikia kila noti ikianza, ikinenepa, ikikatwa na kidole, halafu pengo dogo kabla ya inayofuata, na katika pengo hilo gitaa la Shabani linapita. Ridhimu yote ya wimbo imejengwa juu ya mapengo hayo. Nikisikiliza sauti za juu, matoazi ya Rashid Juma yananieleza kama kiwambo kinasema ukweli au kinautia chumvi: yakilia kama mchanga unaomwagwa kwenye bati, hedifoni hizo narudisha.

Anayetaka kujua wimbo wa aina hiyo ulivyokuwa kabla haujabanwa ndani ya simu ana pa kwenda. Soko la Kenyatta, Nairobi, kibanda namba 570, James Rugami amehifadhi santuri kwa maelfu na mashine za kuzichezea. Nyimbo nyingi za zama zile zilikatwa katikati ili zienee, zikaendelea upande wa pili wa santuri ndogo. Kusikiliza pale, hata kwa spika, kumenifundisha kwamba uhaba wa besi niliokuwa nikizilaumu hedifoni fulani ulikuwa kwenye faili, nazo zilikuwa zikieleza kile zilichopewa. Kabla ya kupanda ngazi ya bei, tafuta nakala bora ya muziki wenyewe. Hakuna matumizi ya pesa yenye faida zaidi katika mchezo huu.

Sasa tuje kwenye bei. Nitatumia shilingi 130 kwa dola. Chini kabisa ziko za Kichina za kuchomeka sikioni, kama Moondrop Chu na 7Hz Salnotes Zero, zilizotoka mwaka 2022 kwa dola 20 hivi, yaani shilingi 2,600. Hizi ni nzuri kweli, na zimewaaibisha wakubwa wengi. Juu yake ziko Sennheiser HD 600, zinazotengenezwa tangu mwaka 1997, kwa takribani dola 400, shilingi 52,000. Kisha mlima unasimama wima. Mwaka 2016 Focal ya Ufaransa ilizindua Utopia kwa dola 4,000, shilingi 520,000, na kwa bei hiyo mkulima wa Kiirua anaondoka na ng'ombe wawili wazuri wa maziwa. HE 1 zilipotangazwa mwaka 2015 bei ilikuwa kama euro 50,000, zaidi ya shilingi milioni 7, na ndani yake umo mzigo wa marumaru ya Carrara ambao juu yake vali nane huibuka zenyewe ukiwasha.

Pesa hiyo inakwenda wapi? Kiwambo cha Utopia ni cha madini ya berili, mepesi na magumu, ambayo vumbi lake ni sumu kwa mapafu, kwa hiyo kiwanda kinachoyashughulikia kinalipia ulinzi mkubwa. Kiwambo cha HE 1 ni utando wa maikromita 2.4 uliopakwa platinamu, mwembamba mara nyingi kuliko unywele. Mafundi hufanya kazi kwa mkono, vinavyouzwa ni vichache, na miaka ya utafiti inagawanywa kwa wanunuzi wachache hao. Hakuna udanganyifu katika hesabu hiyo. Bei ya hedifoni za juu inaeleza kwa uaminifu jinsi zilivyotengenezwa. Haielezi utazipenda kiasi gani, na hilo ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeanza kukusanya alishike kabla hajauza chochote nyumbani.

Ushahidi upo. Mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha uchunguzi wa hedifoni 283 za kila aina, akilinganisha mwitikio wa sauti wa kila moja, kutoka besi hadi trebo, na bei yake dukani. Hakuona uhusiano wowote. Sean Olive na wenzake katika kampuni ya Harman nao waliuliza swali la upande wa pili: watu wanapenda nini pale wasipojua wanachovaa? Tatizo ni kwamba hedifoni hutambulika kwa uzito na ngozi yake hata ukifumba macho. Wakabuni njia ya kuifanya hedifoni moja iige sauti za nyingine kwa hesabu za kompyuta, msikilizaji akabaki na sauti tupu bila sura. Karibu theluthi mbili ya wasikilizaji waliangukia mwitikio uleule, unaofanana na spika nzuri ndani ya chumba kizuri. Waliobaki waligawanyika, wengine wakitaka besi zaidi, wengine wakitaka ipunguzwe. Mimi niko na hawa wa mwisho, na tangu nijue hivyo nimeacha kununua kwa kufuata sifa za watu wa makundi mengine.

Kujijua hivyo kunahitaji utaratibu. Ukilinganisha hedifoni mbili, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti, kwa sababu sikio huiona ile yenye nguvu zaidi kidogo kuwa ndiyo bora, hata tofauti ikiwa desibeli moja tu ambayo hutaitambua kuwa ni ukubwa. Wauzaji wazoefu wanalijua hilo. Tumia nyimbo zilezile, zile unazozifahamu hadi mikwaruzo yake. Kisha usikilize kwa sauti ya kawaida yako, si ya dukani. Harvey Fletcher na Wilden Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sauti ikiwa ndogo sikio hupoteza besi kwanza, kwa hiyo anayesikiliza kwa sauti ndogo usiku ili asiamshe watoto anahitaji hedifoni zenye besi ya kutosha zaidi kuliko rafiki yake anayepandisha hadi mwisho. Kuna siku niliona watu wawili wakibishana sana juu ya jozi moja, kumbe hitilafu yao yote ilikuwa kwenye kile kitufe cha sauti.

Yapo yanayouzwa pembeni ambayo siyaamini. Waya wa fedha wa bei ya mshahara wa mwezi haujawahi kunibadilishia besi ya Malanga. Hadithi kwamba hedifoni mpya lazima zilie mamia ya saa ndipo zikomae naiona zaidi kuwa ni habari ya ubongo wetu kuzoea. Mpe mtu wiki mbili na chochote, atakizoea. Lakini amplifaya ni kweli. HD 600 zina ukinzani wa omu 300, na simu nyingi hazina volti za kuzisukuma. Utasikia sauti nyembamba iliyo mbali, ulaumu hedifoni bure. Zile za dola 20 zinaridhika na simu. Hivyo bei ya shilingi 52,000 haikuwa bei kamili hata mara moja.

Na bado hujazifikisha hedifoni zenyewe Kiirua. Maduka ya Luthuli Avenue yamejaa za Oraimo na za kuchezea michezo ya kompyuta. Anayetaka za juu huagiza nje au humwomba ndugu aliye Ulaya au Marekani azibebe. Ukiagiza, hulipi bei ya dukani peke yake. Kuna usafirishaji, kuna ushuru wa forodha na ada zake, kisha VAT ya asilimia 16 inapigwa juu ya jumla iliyokwisha kuvimba. Mtu akikwambia alipata hedifoni kwa dola 400, muulize zilipofika mkononi mwake zilikuwa shilingi ngapi. Za mkono wa pili zinapunguza maumivu, hasa zile ambazo kiwanda kilizijenga ili zifunguliwe. HD 600 zinavuliwa kipande kwa kipande bila chuma cha moto: mito ya masikio, waya, utepe wa kichwa, hata viwambo. Jozi ya miaka ishirini inarudi kuwa mpya kwa kununua mito peke yake. Mito nayo ni gharama ya kudumu. Jasho huilainisha, na vumbi la kiangazi cha huku chini ya mlima huingia kila mahali. Unywele mmoja ukishakaa juu ya kiwambo, kila noti ya besi inakuja na mkwaruzo wake.

Kuna ufundi ambao hauhitaji Ujerumani. Waya wa hedifoni hukatikia shingoni, pale unapokunjwa kila siku, na fundi wa redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuurudisha. Nimemtazama mmoja akifanya. Ndani ya mpira mlikuwa na nyuzi za shaba nyekundu, kijani na rangi ya dhahabu, nyembamba, zimesokotwa pamoja na nyuzi za pamba. Kijana aliyekuwa akijifunza alijaribu kuweka risasi, ikawa inateleza na kudondoka kama shanga. Mzee akachukua chuma, akatia tone la risasi kwenye ncha, akazamisha nyuzi ndani ya tone hilo na kuzishikilia hadi moshi mdogo ukatoka: ile rangi ni vanishi inayozuia nyuzi zisigusane kwa umeme, na mpaka iungue risasi haishiki. Shaba ikang'aa, kazi ikaisha. Bei yake haikufika hata ya nauli ya kupeleka hedifoni hizo Nairobi.

Basi kama bei haitabiri ladha, kwa nini tukusanye? Kwa upande wangu jibu ni kwamba kila jozi iliyotengenezwa kwa makini ina maoni juu ya muziki, nami napenda kuyasikia maoni hayo. HD 600 zinamweka mwimbaji mbele ya kila kitu. Grado za Brooklyn zinamsukuma mpiga gitaa karibu hadi anakuudhi, na kwa benga hicho ndicho ninachotaka. Stax za Kijapani, zenye utando unaovutwa kwa umeme badala ya koili na sumaku, zinazifungua sauti za kwaya hadi unahesabu waimbaji. Siamini kwamba yoyote kati ya hizi ina ukweli wote. Jozi tatu zenye maoni tofauti zinaniridhisha kuliko jozi moja ya bei yao mara kumi, na jozi ambayo haijaguswa tangu msimu uliopita wa kupanda viazi nauza. Mtu mwingine ataisikiliza.

Kitu kimoja hakinunuliki tena kikishapotea, nacho ni vinyweleo vya ndani ya sikio vinavyogeuza mtetemo kuwa habari za ubongo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 unazoongeza hukata muda huo katikati: kwenye 83 una saa 20, kwenye 86 una 10. Kwenye matatu yenye kelele, mtu hupandisha sauti ya muziki juu ya kelele ya injini na saa zake za wiki zinaisha kabla ya Jumatano. Kwa hiyo hedifoni ya kwanza ambayo ningemshauri kijana msafiri ni ile inayoziba kelele vizuri, hata kama sauti yake si ya kifahari.

Zinazofuata kwenye orodha yangu ni Stax SR-Lambda, za mstatili, za mwaka 1979, mwaka uleule Sony walipotoa Walkman. Za mkono wa pili hupatikana Japani kwa bei ya kufikirika. Kinachonichelewesha ni umeme: kifaa chake cha kusukumia kilichouzwa Japani kinataka volti 100, ukutani kwetu kuna 240, na ukikichomeka moja kwa moja kinaweza kuungua papo hapo. Kwa hiyo bei ya hedifoni nimeshaijua. Ninachotafuta sasa ni transfoma nzuri ya kushusha umeme, nzito, isiyovuma, maana mvumo wake utaingia moja kwa moja ndani ya besi.